Sumaku Chini ya Gari la Shemeji

Sumaku haiponyi gari. Narudia kwa sababu watu siku hizi masikio wanayo ya kuvalia hereni tu: sumaku haiponyi, inashika. Anayekushikia mwizi hajakurudishia mali. Siku atakapomwachia, mwizi yuleyule yuko mlangoni kwako, na sasa ana hasira.

Mimi ni fundi wa gia boksi. Ndiyo, mwanamke. Kama umeshangaa, maliza kushangaa tuendelee. Kwenye karakana yangu kuna benchi la chuma, na kwenye mguu wa benchi hilo zimenata sumaku mbili nene, za mviringo, zimefungwa pamoja kwa mpira mweusi wa tyubu ya zamani. Hakuna anayeziondoa pale. Wateja wakiuliza za nini, nawajibu si za kuuza.

Ndani ya gia boksi chuma kinasagana na chuma, na kila kikisagana kinaacha unga. Unga unaogelea kwenye oili. Ukiachwa huru unaingia kila tundu, unakwaruza kila kinachong'aa, na kila kilichokwaruzwa nacho kinatoa unga wake. Ndiyo maana watengenezaji waliweka vijisumaku ndani ya sampo, lile bakuli la bati chini ya gia boksi, viudake unga unapopita. Nikifungua sampo, vijisumaku ndivyo naanza navyo. Vikiwa vimevaa tope la kijivu, laini, nasema huu ni uzee, sote tunaelekea huko. Nikikuta chenga, vile vipande vinavyochoma kidole, nasema huu ni ugonjwa. Unga ni uzee, chenga ni ugonjwa. Karakana nzima wanaujua msemo wangu huo, na wapo wanaousema kwa kuniigiza sauti wakidhani nimekwenda mbali.

Gari la shemeji lilikuwa na unga na chenga, vyote viwili.

Shemeji huyo ni mume wa mdogo wangu. Mtaa mzima walimwita Mluzi, maana alikuwa hanyamazi: akifunga viatu, mluzi, akingoja chai, mluzi, ukimwambia jambo la maana ndiyo kabisa. Mimi alinikera, sifichi. Unamweleza mtu gari lake linaumwa, yeye macho juu, midomo imechongoka, anakupigia wimbo. Mama yetu peke yake ndiye aliyeupenda ule mluzi, na alikuwa na sababu yake.

Mama alikuja mjini kufanyiwa operesheni ya jicho, akakaa kwa mdogo wangu. Sasa mama na mkwe wake, jamani, ilikuwa vituko. Mama akisikia mkwe yuko sebuleni, hatoki chumbani. Akitaka kwenda msalani, anangoja mpaka mkwe aende kazini, hata kama ni kujiumiza. Na yule naye hivyo hivyo. Akiingia nyumbani alianza kupiga mluzi tangu nje ya lango, ili mama asikie, ajiweke sawa nguo zake, wasije wakagongana ukumbini ghafla. "Mkwe wangu ana mluzi wa adabu," mama alikuwa akiniambia. Mimi nikawa nacheka. Kwangu adabu ingekuwa kuniletea gari.

Kwa maana nilimwomba gari mara nyingi kuliko nilivyoomba lolote kwa Mungu. "Shemeji, nipe siku nzima. Nimwage oili, nifungue sampo, nibadilishe chujio." Jibu lake: "Kesho, shemeji." Kesho yake ilikuwa haizeeki. Siku moja akaja kuongezewa oili tu, kwa haraka zake, injini hata hakuizima vizuri. Nikachovya kijiti cha kupimia, nikakitazama juani. Oili ilikuwa inametameta. Nikajua vile vijisumaku vya ndani vimeshiba, havidaki tena.

Basi nikafanya la kushikiza maisha. Nilikuwa na spika kubwa iliyokufa, nikaivunja nikatoa sumaku mbili. Nikazikaza kwa mpira wa tyubu, nikazizungushia utepe mweusi zisiingie maji, nikaingia chini ya gari nikazibandika nje ya sampo. Zikanata, paa! Sumaku ya namna hiyo inavuta kupitia bati. Unga na chenga vyote vinavyopita pale ndani vinavutwa, vinajilaza sakafuni, vinarundikana juu yake, hata kama yenyewe iko nje.

Nikatoka chini ya gari, nikamshika mkono ili aniangalie usoni. "Sikiliza, shemeji. Uchafu wote sasa utalala mahali pamoja. Hiyo ni nzuri, lakini ni ya muda. Ole wako mtu azibandue sumaku hizi kabla mimi sijamwaga oili. Itakuwa umewafungulia mbwa wote kwa mpigo mmoja. Umenielewa?"

Akapiga mluzi.

"Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shemeji, mbona unanikaba?"

Hakunielewa. Sikio la kufa halisikii dawa, na lake lilikuwa limejaa nyimbo.

Kuna jambo jingine dogo, nalo liwekeni kichwani. Jioni moja tulikuwa tumekaa wote kwao tunakula, naye akachelewa kurudi, kama alivyozoea kuchelewa wakati huo. Alipoingia mdogo wangu akamtania: "Wewe, siku moja nitakufungia kile kifaa chini ya gari, cha kuonyesha uliko. Nikae hapa na simu yangu, nikutazame unavyozunguka." Tukacheka wote, hata mama kule chumbani nilimsikia. Shemeji alicheka pia, lakini cheko lake lilikwisha kabla ya yetu. Sikuuliza alikuwa akichelewa wapi. Nilikuwa na jibu langu tayari, kama mtu yeyote angekuwa nalo.

Sasa siku yenyewe.

Daktari alikuwa ameshamruhusu mama, na shemeji alijitolea kumrudisha kwake, kule bondeni, ng'ambo ya mlima. Mdogo wangu akawasindikiza. Walipitia kuniaga asubuhi, gari linang'aa, limetoka kuoshwa. Niliona mdogo wangu mbele amekunja uso, na shemeji mkono kwenye usukani, ametulia tuli. Hakunisalimu vizuri. Mama alikuwa kiti cha nyuma na miwani yake myeusi, jicho moja chini ya bandeji, na lile jingine ambalo kwa miaka linaona ukungu tu. Nikadhani wamegombana, mambo ya mke na mume, nikawatakia safari njema. Kwamba hakupiga mluzi, hilo nililiona. Niliona, nikafurahi.

Jua lilikuwa limepanda nilipovuka barabara kwenda kwa muosha magari kuomba maji. Muosha magari huyu jina lake ni Povu, na mdomo wake ndivyo ulivyo, unatoka tu. Nikamkuta amekaa, ndoo yake ya bati mbele yake, na ubavuni mwa ndoo kimenata kitu cheusi cha mviringo.

Nikasimama.

"Povu. Hicho umekitoa wapi?"

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Fundi, keti kwanza. Leo shemeji yako kapatikana! Naosha chini ya gari, namwambia bosi, kuna kitu hapa kimenata. Akainama, akakiona. Fundi, mtu alibadilika rangi! Akasema, 'Kumbe hakuwa anatania. Mke wangu amenifungia kifaa.'"

"Ukafanya nini?"

"Akaniambia bandua. Kilikuwa kizito hicho, nimevuta kwa bisibisi. Halafu yeye akasema, kabandike chini ya lile lori la mikate, akakae anafuatilia mikate kutwa nzima!" Akafuta machozi ya kucheka. "Lakini mimi nikasema kitu kizuri namna hii kiende kwenye mikate? Tazama kinavyoshika ndoo."

Nilikibandua kwenye ndoo nikakigeuza. Kilikuwa safi. Unajua kwa nini nilianza kutafuta simu mfukoni? Kwa sababu kilikuwa safi. Unga wote na chenga zote, kila kilichorundikana tangu siku ile nilipomshika mkono, vilikuwa ndani, upande wa pili wa bati. Na sasa havina wa kuvishika.

"Povu," nikasema, "hiki si kifaa. Ni sumaku yangu."

"Ya nini?"

Sikumjibu. Nilikuwa napiga simu.

Simu ya mdogo wangu haikupatikana. Nikapiga tena, haipatikani. Nikapiga ya shemeji. Ikaita, ikakatwa. Nikapiga tena, ikaita kidogo tu, ikakatwa. Ile ya kukatwa iliniambia mengi: mtu yuko hai, anaona ni mimi, hataki.

Niliwaza kama fundi, maana kuwaza kama dada kungenimaliza. Barabara ya tambarare oili imetulia, uchafu umelala. Wakianza kona za mlima, oili inayumba samponi, inauamsha. Pampu inanyonya oili kupitia chujio, na chujio lile nililiomba nilibadilishe nikaambiwa kesho. Uchafu utalikaba. Pampu itanyonya na haitapata, na pampu ikinyonya isipate, inalia. Inalia kwa sauti nyembamba. Baada ya hapo gia zinaachia, na gari zito kwenye mteremko, likiwa halina gia ya kulizuia, linabaki na breki peke yake. Breki nazo zinachoka. Upande mmoja wa barabara ile ni mwamba, na upande wa pili hakuna kitu.

Povu alikuwa ameacha kucheka.

Nikakumbuka simu ya mama. Kile kisimu chake cha vibonye, anachokifunga kwenye ncha ya mtandio. Nikapiga.

Iliita sana. Ikapokewa.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

"Mama, ni mimi! Mko wapi?"

Kimya. Ndipo nilipokumbuka ninazungumza na nani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Eeh, sasa ndiyo nakutambua. Umekula?"

"Nimekula, mama. Mmeanza kuteremka mlima?"

"Mlima nitauonea wapi mimi na jicho hili? Najua tu masikio yameziba."

Masikio yameziba. Walikuwa wanateremka. Na nyuma ya sauti yake nikausikia mluzi, mwembamba, wa juu, unaingia kila neno lake.

"Mama, mwambie shemeji anyamaze kidogo, sikusikii."

"Aka, mwache mtoto wa watu! Asubuhi walitoka wamenuniana hapa, nikasema leo napelekwa nyumbani au napelekwa kuzikwa? Sasa tangu masikio yazibe ameanza kupiga mluzi, na hajaacha. Hasira zimemtoka. Mimi moyo wangu umetulia."

Nikakandamiza simu sikioni. Nikasikiliza ni wimbo gani. Haukuwa wimbo. Haukupanda, haukushuka. Nikangoja avute pumzi, kwa maana binadamu yeyote akipiga mluzi lazima mahali fulani avute pumzi. Nikangoja. Nikangoja mpaka mimi mwenyewe kifua kikabana, kumbe nilikuwa nimeishika yangu.

"Mama," nikasema, "mpe simu mdogo wangu."

Mdogo wangu akaja, sauti imekauka. "Dada."

"Nani anapiga mluzi humo ndani?"

"Mluzi gani? Huo? Huo ni wa gari. Huyu bwana hajafungua mdomo tangu tulipotoka kwako. Amechukua simu yangu ameizima, eti anataka kwenda kuichunguza ajue tangu lini namfuatilia. Dada, mimi sielewi amepatwa na nini—"

"Weka sauti kubwa nizungumze naye. Haraka."

Nikasikia mwangwi wa ndani ya gari, na ule mluzi sasa umekuwa mkubwa, umejaa kila mahali.

"Shemeji! Simamisha gari. Kile ulichokitoa asubuhi si kifaa cha kumfuatilia mtu, ni sumaku yangu niliyoibandika mimi. Simamisha gari sasa hivi!"

Akacheka bila furaha. "Kumbe na wewe umo. Sasa niambie, shemeji. Kama hamnifuatilii, umejuaje kuwa nimekitoa?"

"Povu kaniambia!"

"Povu. Umejuaje niko mlimani?"

"Mama kasema masikio yame—shemeji, kwa jina la Mungu! Gari linalia, hulisikii? Ukikanyaga mafuta injini inapandisha sauti lakini gari haliendi. Kweli si kweli?"

Hapo alichelewa kujibu. Nikajua ni kweli. Nikajua ameliona tayari, na ameogopa, na nikadhani nimempata.

"Na hilo nalo," akasema polepole, "umelionea kwenye kifaa chako?"

Jamani. Jamani! Kila nilichokijua kilikuwa ushahidi dhidi yangu. Kadiri nilivyosema kweli ndivyo nilivyozidi kuwa mwongo. Nikafungua mdomo kutukana, nalo lilikuwa tusi zuri, nimelitunza miaka. Akasema, "Zimeni hiyo simu, nina mlima hapa."

Lakini haikuzimwa. Mdogo wangu aliondoa sauti kubwa akairudisha nyuma kwa mama. Nikasikia mtandio unakwaruza.

"Nyinyi mna nini leo?" mama akanong'ona.

Nikapunguza sauti. Kwenye gari lile kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye shemeji hawezi kumbishia, na ndiye huyu aliyeshika simu. "Mama, sikiliza, usishtuke, usiulize. Mwambie mkwe asimame. Mwambie umebanwa."

"Nimebanwa na nini?"

"Na haja, mama. Sema unataka kwenda haja."

Mluzi tu.

"Wewe mtoto," mama akasema, "una wazimu? Nimwambie mkwe wangu maneno hayo? Nitamtazama wapi tena?"

"Mama, hata humtazami, huoni! Nakuomba. Gari ni bovu, mtakufa. Mficha uchi hazai, mama."

"Mimi nimekwisha kuzaa," akasema, "na mmojawapo ni wewe, ndiyo majuto yangu."

"Mama!"

Nililia. Sikujali Povu, sikujali watu waliokuwa wameanza kusimama. Nililia kwenye simu kama mtoto, na nadhani ni kile kilio kilichomfikia, si maneno. Nikamsikia anakohoa. Anakohoa tena. Halafu sauti yake, ndogo, imejikunja, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Baba. Mkwe wangu. Utanisamehe. Nimeshikwa."

Neno moja. Wala hakulifafanua. Shemeji hakuuliza ameshikwa na nini.

"Samahani, mama," akasema upesi. "Samahani sana. Hapa hapa nasimama."

Breki zikalia. Zililia muda mrefu kuliko nilivyotaka, lakini zikashika. Nikasikia mlango. Nikasikia mdogo wangu anasema shika mkono wangu mama, kuna jiwe hapo, inua mguu. Nikasikia upepo badala ya ule mwangwi wa gari.

"Wametoka," nikamwambia Povu. "Wametoka nje." Nikakaa juu ya ndoo yake, nikaanza kucheka. Povu naye akacheka, hajui anacheka nini. Nikaiona ile sumaku bado iko mkononi mwangu, nimeikaza hadi kiganja kimechorwa. Nikawaza nitakavyomsema shemeji akirudi, nitakavyomsema mwaka mzima, kila sherehe, mbele ya ndugu zake. Niliipenda ile hasira niliyokuwa naiandaa. Hata yeye nilimpenda kidogo, wakati ule.

"Mama, mko wapi?"

"Tuko huku kwenye mwamba, nyuma ya kichaka. Umeniaibisha, mtoto wewe. Sina hata haja yenyewe, sasa sijui nichuchumae au nisimame tu."

"Simama tu, mama. Shemeji amezima gari?"

"Azime ya nini? Yule ana adabu zake. Angebaki pale barabarani na mimi niko hapa, angenisikia. Amesema anasogea mbele kidogo, aivuke ile kona, tumalize kwa nafasi."

Nilikuwa nimeiwazia haya ya mama. Ya mkwe sikuiwazia.

"Mwambie mdogo wangu amzuie! Mama! Asiondoe gari, mwambie akimbie amzuie!"

Mama akamwambia. Nikasikia miguu kwenye changarawe, inakimbia, na sauti ya mdogo wangu ikimwita mumewe, si kwa jina la mtaani, kwa jina lao la ndani ambalo sikuwahi kumsikia akilitamka mbele ya watu. Analiita, analiita, sauti inaenda mbali. Na mbele yake, mbali zaidi, ule mluzi unateremka.

Halafu mluzi ukakatika.

Fundi yeyote atakwambia, gari likilia lina nafuu, maana pampu bado inahangaika. Nikasikia injini ikipiga kelele tupu, ile kelele ya injini isiyovuta kitu. Hata hiyo ikaenda mbali. Nikamsikia shemeji anapiga honi. Akaipiga, akaiachia, akaipiga. Bila shaka kulikuwa na watu mbele, au lori, alikuwa anawaondoa njiani. Kisha kishindo, kidogo sana kwenye simu ile ya vibonye, kama mtu ameangusha sufuria nyumba ya tatu.

Honi ikalia tena. Safari hii haikuteremka. Ilisimama mahali pamoja chini kule, inalia, nami nikangoja aiachie, walau mara moja, avute pumzi. Povu alikuwa ananitazama midomo.

"Unasikia?" mama akasema. Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha haya, cha nyuma ya mtandio. "Huyo ameanza kutuita. Hebu mpigie kelele mdogo wako, arudi anishike mkono. Mwambieni mkwe nimekwisha maliza, nakuja."